Mitumbwi Kifudifudi

Kielelezo namba moja kilikuwa kinanuka. Koplo Muhidini alikuwa amekipaka chumvi, tena chumvi ya kuomba kwa jirani maana madukani haikuwepo mwaka ule, akakitundika kwenye kamba ya nguo nyuma ya kituo cha polisi cha Geita. Paka wa mji mzima walikuwa wamehamia uani. Kielelezo chenyewe kilikuwa sangara mkubwa, wa kubebwa na watu wawili, aliyepasuliwa na kukaushwa na kichwa chake.

"Nimemlinda kama mboni ya jicho, afande," Muhidini alisema. "Jana paka mmoja nilimrushia buti."

"Buti la serikali?"

"La serikali halirushiki, afande. Limeisha soli."

Inspekta Anisia Nkwabi hakucheka. Ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka Bugarama kwenye kesi ya mashimo yaliyofukia wachimbaji, na hapa amekuta kesi nyingine imeiva bila yeye. Mtaalamu wa miamba wa serikali, jina lake Stanslaus, kijana mpole aliyependa kuvua kwa fimbo na mshipi siku za mapumziko, alikwenda ziwani Jumamosi. Aliongozwa na Gelasius wa mwalo wa Nyakabanga, ufukwe wanakoegesha wavuvi, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupakia wageni kwenye mtumbwi wake wa injini na kuwapitisha kando ya pwani, kwenye mafunjo na miamba, mahali sangara wanapojificha. Walitoka wawili. Gelasius akarudi peke yake, saa ya mkononi ya mgeni ikiwa mfukoni mwake. Mpaka leo Jumanne mwili ulikuwa haujaonekana.

"Mkuu ameshasaini," Muhidini alisema. "Kesho asubuhi gari linampeleka Mwanza. Shtaka la mauaji."

"Kwa sababu ya saa?"

"Kwa sababu ya saa na huyu bwana hapa." Alimgusa sangara kwa rungu. "Gelasius alifika mwaloni akawaambia watu wote kwamba mgeni wake ndiye aliyemvua, kwa ndoano. Sasa tazama."

Anisia aliinama, akaziba pua, akatazama. Mama yake alikuwa amekaanga samaki sokoni miaka yote ya ujana wake, na aliyepara samaki hao wote alikuwa yeye. Nyuma ya mashavu ya samaki kulikuwa na mstari uliokatika magamba, umezunguka mwili kama alama ya mkanda uliobana. Alifungua mdomo wa samaki. Midomo ilikuwa mizima, haina tundu wala mchaniko.

"Wavu," alisema.

"Wavu, afande. Kwa hiyo ni mwongo."

"Ni mwongo, sawa. Lakini nieleze, koplo. Mtu ameua, anarudi nchi kavu akitetemeka. Samaki wa nini?"

Muhidini alikuna kidevu.

"Na kwenye mtumbwi wake mlikuta wavu?"

"Hakuna. Fimbo moja ya akiba, kopo la chambo, nanga."

"Basi huyu samaki alitoka kwa mtu mwenye wavu. Kuna mtu alimwona Gelasius ziwani asubuhi ile, na Gelasius hataki kumtaja. Nipe ufunguo."

Langoni mwa kituo alikaa Generoza, mke wa Gelasius, na bakuli la ugali lililofunikwa kitambaa. Alikuwa akikaa hapo tangu Jumapili. Alipomwona Anisia alisimama.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, Mama Lukresia. Amekula?"

"Hali. Anasema akila atatapika." Alimnyooshea bakuli. "Hakuua, afande. Yule mtu kuku tu hawezi kumchinja, nachinja mimi."

Anisia alilichukua lile bakuli mwenyewe na kuingia nalo ndani.

Gelasius alikuwa amekaa sakafuni, magoti kidevuni, mtu wa miraba minne aliyejikunja mpaka akawa mdogo. Anisia alimwekea bakuli mbele.

"Kula, maana nataka uongee, na mtu mwenye njaa haongei. Yule samaki ulimpata wapi?"

"Alimvua mgeni wangu."

"Gelasius!" Anisia alipiga ukuta kwa kiganja. "Kesho unakwenda Mwanza, na Mwanza hawatakuuliza habari za samaki, watakuuliza kama una neno la mwisho. Samaki ana alama ya makila, nyavu za kutega. Usinifanye mtoto."

Gelasius alimega tonge, akalirudisha.

"Ni aibu, afande."

"Aibu gani inayozidi kamba ya shingoni?"

Ndipo likatoka, tena kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama kwa padre. Wageni wake, alisema, wengi hawapati kitu. Wanakaa na fimbo zao nzuri, wanarusha mshipi, wanachomwa na jua, hawapati hata furu, vile visamaki vya kidole. Mgeni akirudi mikono mitupu, watu wa mwaloni wanamcheka, na mgeni aliyechekwa harudi tena. Kwa hiyo yeye huwa anachepuka kidogo kwa watega makila wa ghuba ya pili, anachukua sangara mmoja mkubwa, anamficha chini ya turubai. Wakikaribia nchi kavu anamweka mgeni mbele, samaki mikononi, na yeye Gelasius anapaza sauti kabla mtumbwi haujagusa mchanga: huyo, kamvua mwenyewe!

"Sisi tunamwita samaki wa heshima," alisema. "Mgeni anajua, mimi najua, hatusemezani. Bwana Stanslaus nimemfanyia hivyo kila safari. Alikuwa mtu mzuri, afande. Anacheka, ananipiga bega."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi tulitoka usiku, tukazunguka mafunjo yote, hatukupata. Akaniomba nimshushe kwenye Mwamba wa Ng'ombe avulie pale, na mimi nimfuatie furu hai wa chambo. Saa akanipa, akasema isilowe. Nikaenda kwa watega makila, nikachukua furu, nikachukua na samaki wa heshima. Kurudi, mwamba mtupu. Hayupo, fimbo haipo. Nikaita mpaka sauti ikakauka." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Nikarudi mwaloni nalia. Watu wakakimbilia mtumbwi, wakaona samaki. Mmoja akauliza, na huyu? Mdomo wangu ukasema wenyewe: kamvua mgeni. Nimeyasema maneno hayo miaka mingi, afande. Yalitoka tu. Baada ya hapo ningesemaje?"

Muhidini, mlangoni, alikohoa.

"Watega makila tutawauliza," Anisia alisema. "Lakini wao wanajua ulifika tu. Wakati unarudi mwambani, nani alikuona?"

"Bi Mwamvua. Yule mchuuzi wa Geita mjini. Alikuwa anatoka kambini kwa mzee Leodgar, mtu wake anapiga kasia. Alimwona samaki, akanitania, akasema leo mgeni wako ameamka na bahati. Nikamwambia mgeni wangu yuko mwambani ananisubiri."

"Kwa nini hukumtaja?"

"Aseme mbele ya watu kwamba samaki nilikuwa naye kabla ya mgeni?" Gelasius alimtazama kama mtu asiyeelewa swali. "Biashara yangu ingekwisha."

"Mjinga wewe," Anisia alisema, bila hasira, na akamsogezea bakuli tena.

Bi Mwamvua alipatikana sokoni nyuma ya meza tupu. Mwanamke mnene, kanga safi, ulimi mwepesi. Alipoona kofia za polisi aliinua mikono kabla hajasalimiwa.

"Sina kitu! Sukari sina, sabuni sina, mlanguzi siyo mimi. Tazameni meza, hata samaki sina, ziwa limefungwa tangu Jumamosi!"

"Bi Mwamvua, hatujafuata sukari. Ulimwona Gelasius Jumamosi?"

Mikono ilishuka polepole. "Nilimwona. Na sangara wake. Nilisikia mmemkamata nikasema, ala, yule yule aliyekuwa anapiga mluzi! Lakini nani anakwenda polisi siku hizi kwa miguu yake mwenyewe? Ukienda kusema jambo moja, wanakuuliza leseni."

"Alikuwa anapiga mluzi?"

"Anapiga mluzi, furu wanaruka ndooni. Akasema mgeni ananisubiri. Mimi sikuwa na mzaha sana siku hiyo, nilikuwa nimekasirika. Nimedamka, nimelipa mpiga kasia, nimefika kwa mzee Leodgar, naambiwa hakuna samaki. Mitumbwi yote imefudikizwa mchangani, nyavu zimekunjwa. Eti ziwa lina msiba! Nikamwambia, mzee, ungenitumia habari jana. Hakunijibu, akaingia ndani."

Anisia alikuwa ameshaanza kuaga. Alisimama.

"Rudia hapo, Bi Mwamvua. Mitumbwi ilikuwaje?"

"Kifudifudi. Matumbo juu. Mimi mtu wa Kahama, mila za ziwa nitazijulia wapi? Nikadhani kafiwa na ndugu. Kesho yake nikasikia habari za yule kijana aliyezama, nikasema, kumbe ndiyo msiba wenyewe."

"Na ulipotoka kambini ndipo ukakutana na Gelasius."

"Ndiyo."

"Akienda mwambani. Bado hajajua kitu."

"Nimekwambia alikuwa anapiga mlu..." Mkono wa Bi Mwamvua ulipanda mdomoni. "Yarabi!"

"Usimwambie mtu," Anisia alisema. "Hata mpiga kasia wako. Koplo, kamtoe Gelasius. Tunakwenda ziwani."

"Afande, Mkuu amesema asitoke."

"Mkuu amesema aende Mwanza kesho asubuhi. Leo bado ni Jumanne. Mtie pingu, jaza fomu ya kumtoa kwa ajili ya kuonyesha mahali pa tukio, uandike jina langu mimi. Kama kuna kufukuzwa kazi, nitafukuzwa mimi."

Landrova ilikataa kuwaka, ikasukumwa na mahabusu mwenyewe na pingu zake, ikawaka.

Mwaloni Nyakabanga walikuta watu wamekaa mchangani bila kazi, mitumbwi imelala kifudifudi mstari mzima, matumbo meusi juani. Hakuna aliyevua tangu Jumamosi, na ilionekana. Mama mmoja alikuwa anachemsha mizizi ya mihogo kwa ajili ya watoto. Walipomwona Gelasius walinyanyuka wote.

"Tupeni huyo sisi!" sauti ilitoka nyuma. "Aseme alipomtupa, tuzike, tule!"

Bonge la udongo lilipita juu ya kofia ya Muhidini. Koplo alivuta rungu. Anisia alisonga mbele, akasimama kati ya Gelasius na watu.

"Leo mnazika," alisema kwa sauti kubwa. "Nawaomba mninyamazie mpaka nirudi. Nikirudi sina kitu, basi mnifanye mnavyotaka mimi na pingu zangu. Nani atanisaidia kuupindua mtumbwi wake?"

Hakuna aliyesogea. Mtumbwi wa Gelasius waliuinua watatu wao, mfungwa naye akisukuma kwa bega, na injini akaivuta yeye mwenyewe kwa mikono miwili iliyofungwa pamoja. Muhidini, aliyezaliwa Tabora na hajui kuogelea, alishika ubao kwa mikono yote na kuanza kusoma dua.

Walipita Mwamba wa Ng'ombe. Ulikuwa jiwe pana lenye mgongo, maji ya kijani chini yake. Kisiwa cha kambi ya Leodgar kilikuwa karibu, lakini vibanda vilikuwa upande wa pili. Anisia alimwambia Gelasius apunguze mwendo, akapima kwa macho. Mtu wa kambini asingeuona mwamba kutoka kibandani kwake. Angeuona akiwa majini tu.

"Usiseme neno tukifika," alimwambia Gelasius. "Hata salamu."

Mzee Leodgar aliwapokea ufukweni. Mzinza mrefu, mkavu, rozari shingoni, mwenye kambi aliyeheshimiwa mialo yote ya upande ule. Gelasius alipopita, mzee hakumtazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Mmekuja na huyu?"

"Ndiye mwenye injini. Tunatafuta mwili, mzee, na nimeambiwa mila za ziwa hakuna azijuaye kukuzidi wewe. Naomba unifundishe. Mimi ni mtu wa nchi kavu."

Wakakaa kwenye magogo mbele ya kibanda. Wavuvi wake watatu walikuwa wanashona nyavu pembeni. Walimwamkia, wakaendelea kushona.

"Mtu akizama," Anisia alianza, "mnafanya nini?"

"Tunaacha kutega." Leodgar alisema hilo kama mtu anayesoma katekisimu. "Hatutumbukizi wavu mpaka aonekane na azikwe. Utategaje? Samaki atakayeingia ametoka wapi, amekula nini? Mtumbwi tunaufudikiza. Maiti akiwa kule chini peke yake, sisi huku juu hatuwezi kuelea tunaimba."

"Kila msiba mnafudikiza?"

"Hapana. Aliyefia kitandani ana watu wake, ana kaburi lake. Huyo tunamlilia, siku ya pili tunatega. Tunafudikiza kwa aliyebaki majini."

"Hata kama ni mgeni? Hata kama ni mtu usiyemjua, usiyempenda?"

"Hata kama ni adui yako." Mzee aligusa rozari. "Baba yangu alinichapa kwa kasia siku nilipouliza swali hilo."

"Umewahi kuivunja?"

"Sijawahi, na sitaivunja."

"Na mwaka huu mmefudikiza mara ngapi?"

"Mara moja. Ndiyo hii, ya mgeni wa huyu."

Muhidini alikuwa anaandika. Anisia alimngoja amalize, kisha akauliza kama anayeuliza njia ya kwenda dukani:

"Habari hii ya mgeni nani alikuletea, mzee?"

"Watu wa Nyakabanga. Walikuja na mtumbwi jioni ya Jumamosi wakizunguka kutafuta."

"Ndipo mkafudikiza."

Leodgar alichelewa kidogo. Kidogo tu, lakini Anisia alikuwa amekuja kisiwani kwa ajili ya kidogo hicho.

"Ndipo tukafudikiza," alisema mzee.

Anisia aligeuka kwa wale wavuvi. "Vijana, Jumamosi mlitega?"

Walitazamana. Mmoja, mwenye kovu shavuni, alijibu kwa moyo safi, "Hapana, mayu. Mzee alitoka peke yake alfajiri kutazama nyavu, akarudi akasema tufudikize. Hata uji hatujanywa. Yule mama wa Kahama alikuja akakuta tumeshamaliza, akatukana kweli kweli."

"Mlimuuliza nani amekufa?"

"Tulimuuliza. Akasema, fudikizeni."

Sindano za kushonea nyavu zilisimama. Yule kijana alitazama mzee wake, akatazama pingu za Gelasius, akayaona aliyoyasema. "Mzee?" aliita, taratibu.

"Nilifiwa," Leodgar alisema haraka. "Mjomba wangu, Chato. Nilipata habari."

"Alizama?"

Mzee aliishika rozari yake.

"Kwa maana aliyefia kitandani hafudikiziwi mtumbwi. Umeniambia wewe, koplo ameandika. Na umeniambia mwaka huu mmefudikiza mara moja." Anisia alisimama. Sauti yake haikupanda. "Asubuhi ile, mzee Leodgar, Gelasius alikuwa bado anapiga mluzi na ndoo ya furu. Watu wa Nyakabanga walikuwa bado wanakunywa chai. Ziwa zima hakuna aliyejua kwamba kuna mtu chini. Wewe ulijuaje?"

Muhidini aliacha kuandika. Gelasius, ambaye alikuwa ameagizwa asiseme neno, alitoa sauti kooni na kupiga hatua, pingu zikalia. Anisia alimzuia kwa mkono bila kumtazama.

Leodgar alikaa akitazama mitumbwi yake. Ilikuwa minne, imepangwa vizuri, matumbo juu, kila mmoja na kasia zake chini yake kama inavyotakiwa.

"Ndoano yake ilinasa kamba yangu," alisema mwishowe.

"Kamba ya nini?"

"Kuna mzigo nilikuwa nimeuzamisha chini ya ule mwamba. Mpira wa gari umeshonwa, ndani dhahabu. Ya watu wa machimboni, mimi kazi yangu kuivusha tu. Nilipofika alikuwa anavuta, amejitia mguu kwenye jiwe, anavuta kwa nguvu zote. Alidhani amepata sangara." "Alikuwa anacheka, mayu. Aliponiona akaniita, mzee, njoo unisaidie, huyu ni mkubwa! Kisha ule mpira ukatoka juu ya maji. Akautazama. Akanitazama. Alikuwa mtu wa serikali, mtu wa madini. Nilimpiga kasia moja. Nilitaka kumtisha tu. Akaangukia jiwe kwa kisogo."

"Halafu?"

"Halafu nikamfunga na nanga yangu, nikamshusha yeye na fimbo yake."

"Na ukarudi hapa ukafudikiza mitumbwi."

"Ningefanyaje?" Mzee aliinua uso kwa mara ya kwanza, na ulikuwa umeshangaa kweli, kama Anisia amemwambia avue nguo mbele ya watu. "Mtu yuko chini. Ningetegaje nyavu juu yake?"

"Wewe!" Gelasius alipiga kelele. "Umekaa siku zote hizi na rozari yako, mimi nakwenda kunyongwa! Mke wangu analala langoni!"

"Nilikuombea," Leodgar alisema.

"Uliniombea!"

"Basi," Anisia alisema. Alitoa ufunguo mfukoni. Kituo kizima cha Geita kilikuwa na pingu mbili, na moja ilikuwa imeharibika komeo. Alizifungua mikononi mwa Gelasius, zikiwa bado na joto lake, akazifunga mikononi mwa Leodgar. Gelasius alibaki amenyoosha mikono mbele vile vile, hajui aiweke wapi.

Stanslaus aliopolewa pale pale alipoonyesha mzee, mashariki ya mwamba. Walioopoa ni wale vijana watatu na Gelasius. Walimfunga kwenye shuka ya kitanda cha Leodgar mwenyewe, maana kambini hapakuwa na nyingine safi. Fimbo ilikuja naye, mshipi umezunguka mkono. Ule mzigo wa mpira Muhidini aliukuta chini ya jiko la kambi, akaukalia njia nzima mpaka Nyakabanga na kusahau kwamba anaogopa maji.

Watu walikuwa bado wamesimama mwaloni kama walivyowaacha. Wengine walikuwa wameshika mawe. Waliona mtumbwi ukija taratibu, waliona shuka, na waliona pingu ziko kwa nani. Mawe yalianguka mchangani, moja moja. Mwanamke mmoja alianza kulia kwa Kizinza na wengine wakampokea.

Mapadre walipelekewa habari. Kaburi lilichimbwa juu kidogo ya mwalo, la kumhifadhi mpaka ndugu zake wafike, na jua halijagusa maji marehemu alikuwa amefukiwa.

Baada ya hapo watu walisimama kando ya mitumbwi yao, na hakuna aliyeigusa. Muhidini alimnong'oneza Anisia, "Wanangoja nini sasa?"

"Aliyempakia marehemu ndiye anaanza," mama wa mihogo alijibu. "Ndivyo ilivyo hapa. Wa kwanza ni wake."

Gelasius alikuwa amekaa kaburini, viganja vyekundu kwa udongo. Alikuja, akapita katikati ya watu ambao asubuhi ile walitaka kumpasua kichwa, akasimama mbele ya mtumbwi wake. Vijana wa Leodgar walikuwa wameurudisha mchangani na kuufudikiza, kwa desturi. Aliingiza mikono chini ya ubavu. Alikuwa hajala siku tatu, mtumbwi haukuinuka. Yule mwenye sauti ya nyuma, aliyesema tupeni huyo sisi, alikuja akashika upande wa pili bila kumtazama usoni. Akaja mwingine. Wakaupindua, ukakaa sawa, na mstari mzima ukaanza kufuata, mtumbwi mmoja baada ya mwingine, mpaka pwani yote ikawa inagonga mbao.

Kwenye Landrova, Leodgar alikuwa amekaa nyuma na mikono magotini. Aligeuza shingo kufuata zile sauti.

"Na yangu?" aliuliza. "Nani ataifudua yangu?"

Anisia alifunga mlango wa nyuma, akazunguka na kukaa mbele. Alichukua karatasi ya safari ya Mwanza aliyosaini Mkuu, akalikata jina la Gelasius, akaandika la Leodgar juu yake.

"Afande," Muhidini alisema, akiwa ameshika usukani, "ingekuwaje kama angetega siku ile? Kama wasio na dini? Angetumbukiza tu nyavu zake, akamuuzia Bi Mwamvua samaki wake?"

Anisia alitazama nje. Generoza alikuwa amefika kwa lori la pamba, bado na kitambaa cha bakuli begani, anakimbia mchangani viatu mkononi. Gelasius alikuwa bado hajamwona.

"Kesho asubuhi ningempeleka Gelasius Mwanza mimi mwenyewe," alisema. "Haya, shuka ukasukume. Hili gari haliwaki."